Aldabra: Kobe Walipopata Watetezi

Desemba 2004 kobe mkubwa aliibuka baharini huko Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam, amekonda, miguu imegandwa na viumbe vile vinavyoota chini ya ngalawa. Inaaminika alielea kutoka visiwa vya Aldabra, zaidi ya kilomita 700 mashariki.

Kuelea huko ndiko kulikoijaza Aldabra wanyama. Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilivifunika visiwa hivyo kabisa. Maji yaliposhuka, kobe walirudi wakielea. Ndege mmoja wa jamii ya kukuziwa alifika kwa mabawa, akakuta hana adui, na kwa mara ya pili, kama kabla ya bahari kupanda, kizazi chake kikasahau kuruka.

Binadamu hakuvutiwa: maji matamu haba, mawe ya matumbawe yanakata viatu. Kwingineko mabaharia walipakia kobe melini wakiwa hai, maana huweza kukaa miezi bila chakula. Mauritius, Réunion na Rodrigues wakaisha wote. Mwaka 1874 Charles Darwin na wenzake walimwandikia gavana wa Mauritius wakiwaombea kobe wa Aldabra. Kobe wanne waliopelekwa Zanzibar mwaka 1919 kama zawadi ndio asili ya wale wa kisiwa cha Changuu.

Mwaka 1965 Uingereza iliimega Aldabra kutoka Shelisheli, ikaiunganisha na visiwa vya Chagos kuwa koloni jipya, ikapanga kujenga uwanja wa ndege za kivita. Wanasayansi wakaja juu, mbunge Tam Dalyell akaibana serikali kwa maswali. Novemba 1967 pauni ikashushwa thamani na mpango ukafa. Nadhani uhaba wa fedha ulisaidia kuliko hoja zote. Kambi ikajengwa Diego Garcia, huko Chagos, na kati ya 1968 na 1973 Wachagosi wote wakahamishwa kwa nguvu. Kobe walikuwa na marafiki London. Wachagosi, waliozaliwa na kuzikana pale kwa vizazi, hawakuwa na mbunge wala Darwin.

Shelisheli ilirudishiwa Aldabra ilipopata uhuru mwaka 1976, na mwaka 1982 UNESCO ikaitangaza urithi wa dunia. Mbuzi walioletwa zamani walimalizwa mwaka 2012. Leo kuna kobe wapatao 100,000, na watu ni watafiti na walinzi wachache tu. Hata hivyo, mwaka 2019 watu wa kujitolea walizoa tani 25 za taka ufukweni: nyavu na kamba za meli za uvuvi, na kandambili kwa maelfu, kwenye visiwa visivyo na duka hata moja.