Mlango wa Mwaka wa Tatu

James C. Flood alikuwa muuza pombe San Francisco kabla hajatajirika kwa madini ya fedha ya Nevada. Mwaka 1898, miaka tisa baada ya kifo chake, binti yake Cora Jane Flood alikikabidhi Chuo Kikuu cha California, kilichoko Berkeley, jumba la familia huko Menlo Park, ardhi iliyolizunguka na sehemu kubwa ya hisa za kampuni moja ya maji. Alitaka mapato yake yasaidie elimu ya biashara. Kwa zawadi hiyo Berkeley ikapata chuo cha biashara, cha kwanza katika chuo kikuu cha umma nchini Marekani. Wharton ya Pennsylvania ilikuwa imetangulia tangu 1881, lakini hicho ni chuo cha binafsi.

Siku zile hapakuwa na wa kumzuia mtu mlangoni. Chini ya Carl Plehn, mkuu wake wa kwanza, chuo kiliazima walimu kwa majirani: historia huku, jiografia kule, sheria, hisabati, lugha. Wafanyabiashara wa San Francisco walikuwa wanaitazama Asia. Mwaka huohuo wa 1898 majeshi ya Marekani yaliingia Manila, na bandari ilihitaji vijana wanaojua kuandika mkataba na pia kuielewa nchi wanakopeleka bidhaa. Mfanyabiashara, kwa mawazo ya wakati ule, alikuwa kwanza mtu aliyesoma.

Wazo hilo ndilo lililokuja kuzaa mchujo wa kuingia mwaka wa tatu, ingawa halikukusudiwa hivyo.

Mwaka 1959 zilitoka ripoti mbili zilizowatikisa walimu wa biashara Marekani nzima. Moja iligharamiwa na Taasisi ya Ford na kuandikwa na Robert Aaron Gordon, mchumi wa Berkeley, pamoja na James Howell wa Stanford. Nyingine, ya Frank Pierson, ilitolewa kwa fedha za Carnegie. Hazikuwa na huruma. Zilisema kozi nyingi za biashara ni nyembamba mno, zinafundisha ufundi wa kazi ya kwanza tu, na zinavuta wanafunzi dhaifu. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kumpa mwanafunzi sayansi, lugha, hesabu na elimu ya jamii kwa sehemu kubwa ya shahada yake, na masomo ya biashara yenyewe yaje baadaye.

Mwaka mmoja tu baada ya hapo, California ikapitisha Mpango Mkuu wa elimu ya juu, uliosimamiwa na Clark Kerr, rais wa Chuo Kikuu cha California. Vyuo vya jamii vya miaka miwili vilipewa kazi ya kuwaandaa vijana ambao wangejiunga na chuo kikuu wakiingia mwaka wa tatu. Kwa hiyo shule ya biashara inayopokea watu katikati ya safari haikuonekana kuwa jambo geni. Kwa miongo mingi, kijana wa Berkeley aliyetaka shahada ya biashara alianza kitivo kingine, mara nyingi cha sanaa na sayansi, kisha akaomba kuhamia akiwa mwaka wa pili. Michigan nayo ilikuwa na utaratibu wa jinsi hiyo kwa muda mrefu.

Msomaji aliyepitia udahili wa TCU Tanzania au KUCCPS Kenya ataona tofauti. Kwetu kuhama kozi ni kurekebisha jambo: mtu kapangiwa asichokitaka, au alama zimemruhusu kusogea. Pale Berkeley kuhama ndiyo ilikuwa njia yenyewe. Hata aliyekuwa bora shuleni kwao, akifika na ndoto ya biashara, aliingia kama mwenzake wa falsafa.

Mambo yalibadilika biashara ilipogeuka kozi ya kugombewa. Mwaka 1989 shule ilipewa jina la Haas, kwa heshima ya Walter Haas, mhitimu wa 1910 aliyeiongoza Levi Strauss, kampuni ya jinzi ambayo hata wauza mitumba wetu wanaijua nembo yake. Mwaka 1995 ikahamia majengo mapya yaliyochorwa na Charles Moore. Benki za uwekezaji na kampuni za ushauri zikaja kuajiri, na waombaji wakazidi nafasi.

Masharti yalisomeka kwa upole: kalkulasi, takwimu, uchumi, uandishi, somo la utangulizi wa biashara. Ugumu ulikuwa katika maisha ya kila siku. Vijana walijitambulisha kuwa wanajiandaa kwa Haas, wakati bado hawajakubaliwa popote. Darasa la takwimu likawa ukumbi wa ushindani, kwa sababu waliokaa pamoja ndio walioviwania viti vilevile. Vilabu vya wanafunzi vya ushauri wa biashara vilifanya usaili mkali kuliko baadhi ya waajiri, kwa kuwa uanachama ulipendeza kwenye wasifu. Maombi yalitaka insha pamoja na alama, na majibu yalikuja muhula wa pili. Aliyekosa alilazimika kupanga upya shahada nzima akiwa amebakiza miaka miwili. Wengi walikimbilia Uchumi, idara ambayo nayo ilikuwa na kiwango chake cha alama.

Hapo ndipo nia ya Gordon na Howell ilipopinduka. Miaka miwili ya elimu pana, iliyokusudiwa kumtanua mwanafunzi, ilimfanya achague somo la fasihi kwa kuangalia kama litamshushia wastani. Ni vigumu kumlaumu.

Mwaka 2022 Ned na Carol Spieker, wahitimu wa Berkeley, walitoa dola milioni 30 ili programu iwe ya miaka minne. Kundi la kwanza la waliokubaliwa moja kwa moja kutoka sekondari liliingia mwaka 2024. Wasiwasi wa mwaka wa pili umepungua, na mwanafunzi anapata muda wa kwenda ng'ambo au kufanya mafunzo ya kazi bila kusubiri barua. Ila mchujo wenyewe haujafutwa, umesogezwa hadi umri wa miaka 17, wakati mtoto wa familia yenye uwezo wa kumlipia mshauri wa maombi ya chuo anaanza mbio akiwa mbele.

Kwa walioko tayari Berkeley katika vitivo vingine, nafasi za kuhamia zimebaki chache. Wanafunzi wa vyuo vya jamii, wale waliofikiriwa na Mpango wa 1960, bado wanaingia Haas mwaka wa tatu na kumalizia shahada kwa miaka miwili, kama zamani.