Alama za Milangoni: Tarehe ya Magari ya Lodwar na Kakuma

Kila shirika lililowahi kufanya kazi Turkana liliingia kwa gari, na kila gari liliingia na jina la mwenyewe mlangoni. Kwa hiyo mtu atakaye kuijua tarehe ya nchi hii, tangu njaa ya 1961 walipofika Lodwar mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrisi hata siku hizi za serikali ya kaunti na visima vya mafuta, hana budi, pamoja na kusoma majalada ya serikali, kuitazama milango ya magari, ambayo imeandikwa, ikafutwa, ikaandikwa tena, na aghalabu haikufutika kabisa.

Katika zama za kwanza kazi hii ilikuwa ya rangi na brashi. Mchoraji wa vibao alikata herufi katika karatasi ngumu, akaishikiza mlangoni, akapaka, na jina likawa sehemu ya gari lenyewe. Aliyetaka kulitoa hakuwa na njia ila kulisugua kwa msasa, au kulifunika kwa rangi nyingine. Stika ya vinaili ilikuja baadaye sana. Plastiki yenyewe si mpya, maadamu ilikuwa mwaka 1926 alipopata njia ya kuilainisha Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani. Lakini ni mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilipotoka mashine za kukata herufi kwa kompyuta, ndipo nembo moja ilipoweza kukatwa mara mia bila ya kutofautiana, na jina la mlangoni likawa kitu cha kubandikwa na, kwa nadharia, cha kubanduliwa.

Wingi wa magari uliletwa na vita vya Sudan. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha Operation Lifeline Sudan, na Lokichoggio ikawa ghala na kiwanja chake cha ndege; mwaka 1992 wakafika Kakuma maelfu ya vijana waliotoka Ethiopia na Sudan kwa miguu, nayo kambi ikazaliwa kando ya mto Tarach, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Tangu hapo barabara ya kutoka Lodwar hadi Kakuma, mwendo wa kilomita takriban 120, ikawa njia ya magari meupe, yakienda kwa misafara yenye askari wa kusindikiza kwa hofu ya majambazi. Katika safari hizo nembo haikuwa pambo. Ilimjulisha askari wa kizuizini nani apite. Ilimjulisha mama mwenye mtoto mgonjwa gari lipi alisimamishe. Na ile picha ya bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu ilishuhudia mbele ya kila mtu kwamba ndani hamna silaha. Msalaba mwekundu, uliojulikana sana huko kwa ajili ya hospitali ya Lopiding iliyowatibu majeruhi wa vita tangu 1987 hata 2006, unalindwa na Mikataba ya Geneva, na mwenye kuutumia pasipo idhini anahatarisha roho za watu asiowajua.

Walakini nchi yenyewe haiipendi stika. Lodwar iko mita takriban 500 tu juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana hufika nyuzi 35 karibu mwaka mzima, mvua yote ya mwaka ni kama milimita 200, na bati la gari lililoegeshwa juani hupata moto kupita hewa inayolizunguka. Ndani ya vinaili mna vilainisho ambavyo havikufungamana na plastiki, vimechanganyika nayo tu. Joto huvitoa kidogo kidogo, mionzi ya jua nayo huikatakata plastiki, hata stika iliyokuwa laini kama ngozi ikakakamaa, ikanywea pembeni na kupasuka. Ile iliyotengenezwa kwa kumiminwa, yenye unene wa kama mikroni 50, hutulia mahali pake. Ile ya bei nafuu, iliyokandamizwa kati ya mitambo ya kuviringisha, hunywea mapema na kuacha ukingo wa gundi unaonasa vumbi. Boneti na paa, vinavyolitazama jua la utosi, huharibika kabla ya milango. Wenye viwanda wanalijua jambo hili, ndiyo maana huigawa dunia kwa kanda na kuzipunguzia nchi za jangwa ile miaka wanayoahidi.

Kuitoa nako ni elimu. Stika ambayo bado ina uhai fundi huipuliza hewa ya moto hadi ilegee, akainua kona kwa ukucha, kisha akaivuta polepole, mkono wake ukiambaa na bati wala si kuelekea kifuani, ili gundi iifuate plastiki badala ya kubaki kwenye rangi. Na Lodwar, saa saba za mchana, jua peke yake huweza kuifanya kazi ya mashine. Lakini stika iliyoachwa miaka mingi haivutiki. Hukatika vipande vidogo vidogo, subira ya fundi ikaisha, wembe ukaingia, na wembe hukwangua rangi pamoja na nembo. Gundi iliyosalia hulainishwa kwa mafuta ya taa na kitambaa, kisha ikaoshwa kwa sabuni na maji, na maji huko Kakuma yana wahitaji wengi kabla ya gari.

Baada ya taabu yote hiyo, jina bado linasomeka. Rangi iliyokuwa chini ya stika haikupigwa na jua, ilhali ile iliyoizunguka ilipauka na kukosa mng'ao. Basi herufi hubaki mlangoni, safi kuliko gari zima, na ukisimama ubavuni jua la jioni likipiga kwa mshazari utazisoma bila ya taabu. Hili si jambo dogo. Kwa azimio nambari 92 la tarehe 7 Desemba 1946, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliihifadhi nembo yake isitumiwe bila ya ruhusa, na gari linapouzwa mnadani alama hutakiwa kuondolewa. Lakini azimio halikuweza kuliamuru jua. Naona kwa yakini kwamba wauzaji wanaobandua stika na kuliacha umbo lake wametimiza nusu ya wajibu, kwani mnunuzi mwovu hupata bure ile heshima ambayo watu wa Turkana waliwapa wengine. Mlango wa namna hiyo ung'arishwe kwa dawa ya kusugulia rangi, na usipokubali, upakwe rangi upya.

Kuondoka kwa mashirika si khabari mpya huku. Kenya na Norwe zilipovunja uhusiano wa kibalozi mwaka 1990, Wanorwe waliokuwa wamegharimia barabara ya Kitale hadi Lodwar walikwenda zao. Baada ya mapatano ya amani ya Sudan ya Januari 2005 mashirika ya Lokichoggio yalihamia Juba. Na tarehe 1 Julai 2025 USAID, lililoanzishwa mwaka ule ule wa 1961, lilikoma kuwa shirika la misaada, huku nembo yake ya mikono iliyoshikana ikiwa imekwisha kuzoeleka kwenye magunia na vibao. Kila mara stika hubanduliwa kwa haraka, wala hakuna anayeandika gari lilikuwa la nani na lilifanya kazi gani. Serikali ya Kaunti ya Turkana ingeweza, kabla ya wembe kuingia, kumtuma mtu mwenye kamera na daftari akaipige picha milango yote miwili, akaandika nambari ya gari, mwaka na njia lililopita, kisha akaliweka daftari hilo Lodwar mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kulifungua.