Alama za Seli na Panya wa Maabara: Historia ya Mjadala wa Seli Shina za Melanoma, 2001–2011

Mnamo Januari 2008 jarida la Nature lilichapisha makala ya watafiti wa Boston waliokadiria kwamba, katika melanoma ya binadamu, seli moja tu kati ya takriban milioni moja ndiyo inayoweza kuotesha uvimbe mpya. Desemba ya mwaka huohuo jarida lilelile lilichapisha makala ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliosema kwamba seli yenye uwezo huo ni moja katika kila nne. Ugonjwa ulikuwa uleule. Kilichotofautiana zaidi ni panya waliodungwa seli hizo. Insha hii inatetea hoja kwamba historia ya alama za seli katika melanoma haiwezi kuandikwa bila kuandika pia historia ya mnyama ambaye alama hizo zilipimwa ndani yake.

Alama ya seli, kwa maana inayotumika hapa, ni protini iliyo juu ya utando wa seli na inayoweza kutambuliwa kwa kingamwili maalumu. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa mwaka 1975, pale Georges Köhler na César Milstein walipovumbua huko Cambridge njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja kwa wingi. Mwaka 1982 wataalamu waliokutana Paris walianza kuzipanga alama hizo kwa namba zinazotanguliwa na herufi CD. Pamoja na mashine ya kuchambua seli kwa leza, iliyotokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Leonard Herzenberg huko Stanford, mtafiti aliweza kuchukua uvimbe uliotolewa kwa mgonjwa, akautenganisha seli mojamoja, kisha akazitenga zenye alama na zisizo nayo. Ni rahisi kuifikiria alama kama chapa ya ng'ombe, ambayo mnyama akishapigwa hubaki nayo mpaka afe. Dhana hiyo ndiyo iliyokuja kuleta matatizo.

Nadharia iliyohitaji alama hizo ilitoka katika utafiti wa saratani ya damu. Mwaka 1994 na 1997 kundi la John Dick huko Toronto lilionesha kwamba, katika aina mojawapo ya saratani ya damu, ugonjwa ulihamia kwa panya kupitia seli chache zenye CD34 zisizo na CD38. Mwaka 2001 Tannishtha Reya, Sean Morrison, Michael Clarke na Irving Weissman waliitandaza nadharia hiyo katika makala iliyosomwa sana, na mwaka 2003 Clarke na wenzake, Morrison akiwamo, wakaipeleka kwenye saratani ya matiti. Istilahi ya Kiswahili, seli shina, inalibeba wazo hilo vizuri pengine kupita kiasi: ukikata matawi na kuacha kisiki, mti huchipua tena. Kwa mgonjwa maana yake ilikuwa nzito. Dawa inayopunguza uvimbe kwa asilimia tisini huenda isimsaidie kama kumi iliyobaki ndiyo shina. Na dawa inayolenga shina peke yake ingeweza kumponya.

Katika melanoma, kundi la Meenhard Herlyn wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia, lilieleza mwaka 2005 juu ya seli zenye CD20 zilizokuwa na tabia za seli shina. Hata hivyo, kazi iliyovuta macho ya wengi ni ile ya Boston ya 2008, iliyoongozwa na Tobias Schatton na Markus Frank. Alama yao ilikuwa ABCB5, protini inayosukuma dawa nje ya seli. Seli zenye ABCB5 ziliotesha uvimbe kwa wepesi zaidi kuliko zisizo nayo, na kingamwili dhidi ya protini hiyo ilipunguza ukuaji wa uvimbe katika panya. Panya waliotumika ni wa ukoo wa NOD/SCID, waliokosa sehemu kubwa ya mfumo wa kinga lakini si yote. Bado walibaki na mabaki ya seli zinazoua seli ngeni.

Elsa Quintana, Morrison na wenzao wa Michigan waligeuza mambo machache ambayo kila moja, likitazamwa peke yake, linaonekana dogo. Walitumia panya wa ukoo mpya zaidi, waliofutiwa pia jeni ya Il2rg na hivyo kukosa hata seli zile za kuua. Walichanganya seli za saratani na rojo ya protini inayozishikilia mahali pamoja. Wakasubiri kwa muda mrefu zaidi. Kwa masharti ya zamani wao pia walikuta kwamba seli zenye uwezo wa kuotesha uvimbe ni adimu mno. Kwa masharti mapya, takriban asilimia 25 ya seli zisizochambuliwa, kutoka kwa wagonjwa 12, ziliotesha uvimbe. Walipodunga seli moja moja, wastani ulikuwa asilimia 27.

Kwa mtazamo wa mwandishi wa insha hii, jaribio la seli moja lina uzito kuliko sehemu nyingine zote za makala hiyo. Kadirio la moja kwa milioni hupatikana kwa hesabu, kwa kupunguza idadi ya seli hatua kwa hatua na kuona uvimbe unakoma kuota wapi. Msomaji analazimika kuuamini mfano wa kihesabu. Seli moja iliyothibitishwa kwa darubini kuwa ni moja, ikadungwa, ikawa uvimbe, haiachi nafasi kubwa ya kubishana.

Mjadala haukukoma. Mwaka 2010 Alexander Boiko na Weissman, huko Stanford, walichapisha katika Nature matokeo yao kuhusu CD271, alama ya seli za ukingo wa neva za kiinitete ambamo seli za rangi ya ngozi huanzia. Walipandikiza seli katika ngozi ya binadamu iliyooteshwa juu ya panya, na uvimbe ukatoka kwa seli zenye CD271 tu. Mwaka huohuo Quintana na Morrison walijibu katika Cancer Cell: kati ya alama 22 walizopima, CD271 na ABCB5 zikiwamo, hakuna hata moja iliyotenga seli zenye uwezo na zisizo nao. Tusisahau kwamba Morrison alipata shahada yake ya uzamivu chini ya Weissman, na kwamba mwaka 2001 majina yao yalikaa pamoja juu ya makala iliyoieneza nadharia.

Hoja za kiufundi zilizofuata hazikuwa visingizio. Tripsini, kimeng'enya kinachotumika kutenganisha seli za uvimbe, huweza kukata protini za juu ya seli. Seli yenye alama ikahesabiwa kuwa haina. Lakini makala ya Cancer Cell ilikuwa na tokeo jingine ambalo tripsini peke yake hailielezi kwa urahisi: seli zisizo na alama ziliotesha uvimbe wenye seli za aina zote mbili, na alama nyingi zilionekana kuja na kuondoka. Kundi la Herlyn nalo, mwaka 2010, lilionesha kwamba seli za melanoma zinazogawanyika polepole, zenye JARID1B, huweza kutokana na zisizo nayo.

Watetezi wa ABCB5 na CD271 walikuwa na swali halali: panya asiye na kinga hupima seli inaweza kufanya nini, wala si inafanya nini ndani ya mgonjwa mwenye kinga yake. Swali hilo lilipata jibu la kando kutoka mahali ambapo pande zote mbili hazikuwa zikitazama. Machi 2011 Marekani iliidhinisha ipilimumab kwa melanoma iliyosambaa. Dawa hiyo haitafuti seli shina wala alama yoyote juu ya seli ya saratani. Huondoa breki katika seli za kinga za mgonjwa, yaani inategemea mfumo uleule ambao maabara zilikuwa zimeuondoa ndani ya panya ili uvimbe uote.