Neno Mshenzi na Mpaka Wake

Neno mshenzi leo hutupiwa mtu yeyote aliyekosa adabu, awe mzaliwa wa pwani au wa bara. Zamani halikuwa hivyo. Katika karne ya 19 mtu wa Mrima aliposema washenzi alitaja watu wa mahali: wenyeji wa bara, wasiofuata dini yake wala mavazi yake. Kinyume chao walikuwa waungwana. Na hapo palikuwa na kichekesho, maana hata mpagazi aliyekuwa mtumwa wa mtu, msafara ukishaiacha bahari nyuma, alijiita mwungwana, akamwita mshenzi mwenyeji huru aliyemwuzia chakula.

Mpaka huo ulitiwa mashaka huko Mazinde, chini ya milima ya Usambara, katika njia ya misafara iliyotoka Pangani. Hapo alikaa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai. Baba alitawala Vugha, juu mlimani, mpaka alipofariki mwaka 1862. Mwana alipenda tambarare, penye pembe na bunduki. Alivaa kwa desturi ya pwani, na barua zake ziliandikwa kwa Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1860 aliupiga mji wa Vugha, lakini hakuhamia huko: alimtawaza mwanawe, mwenyewe akabaki Mazinde hadi alipofariki mwaka 1895. Mtu huyu aitweje? Kwa nasaba alikuwa wa bara. Kwa mavazi, biashara na barua hakupungukiwa na kitu mbele ya tajiri wa Pangani.

Pwani nayo ilibadili kipimo. Chini ya masultani wa Unguja, uungwana ulianza kuupisha ustaarabu, neno lenye asili ya Kiarabu la kufanana na Waarabu. Tabia ya kujifunza ikashindana na kuzaliwa mjini, na mshenzi akawa mtu ambaye hajajifunza.

Wakristo walilichukua neno kwa maana ya mpagani. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, waraka kwa Wakolosai unamtaja Mshenzi mahali pa Msikithi, mtu wa kabila la mbali kabisa na Tanganyika!

Walowezi wa Kiingereza walikwenda mbali zaidi. Katika maneno yao mbwa asiye na asili njema alikuwa shenzi, na kazi iliyolipuliwa ilikuwa shenzi. Ile m- ya mtu ilikwisha kuanguka njiani.