"Less" na "fewer"

"Less" na "fewer" ni maneno ya Kiingereza yanayolinganisha upungufu. Sarufi ya shuleni huliambatanisha "fewer" na vitu vinavyohesabika, kama watu, vitabu na mayai, na "less" na visivyohesabika, kama maji, sukari na kelele. Mswahili anaijua tofauti ya namna hii tangu utotoni: husema wageni wachache na chumvi kidogo, wala hasemi chumvi chache.

Kinachomponza ni nomino zenyewe. Kwetu mzigo ni mmoja na mizigo ni mingi, hivyo msafiri husema amebeba mizigo michache kuliko mwenzake. Kwa Kiingereza "luggage" haina wingi, na usemi sahihi ni "less luggage". Ndivyo ilivyo kwa "furniture", yaani samani, na "advice", yaani ushauri. Swali la kujiuliza, basi, ni kama neno la Kiingereza lina wingi. Hesabu ya Kiswahili haisaidii hapo.

Umbali, muda na fedha navyo vina utaratibu wake. Husemwa "less than 10 kilometres" na "less than 500 shillings", ingawa kilomita na shilingi zinahesabika, kwa sababu msemaji anafikiria kiasi kizima, si kipande kimoja kimoja. Aliyekariri kanuni bila kuielewa huweka "fewer" hapa, na sentensi ikasikika vibaya.

Kanuni yenyewe si kongwe kama inavyodhaniwa. Mfalme Alfred wa Wessex, Uingereza, katika karne ya 9, alitumia "less" kwa vitu vinavyohesabika, na Waingereza waliendelea hivyo kwa karne nyingi. Mwaka 1770 mwandishi Robert Baker aliandika kwamba "fewer" lingefaa zaidi kwa idadi. Alitoa hayo kama maoni yake; waliomfuata ndio walioyageuza sheria. Ubishi haujaisha: mwaka 2008 maduka ya Tesco nchini Uingereza yaliamua kuachana na maandishi "10 items or less" kwenye foleni za wenye bidhaa chache, yakachagua "up to 10 items" ili kuukwepa.

Katika mtihani, barua ya kikazi na maandishi ya kuchapishwa, kanuni ifuatwe. Katika mazungumzo, asemaye "less people" anasema kama wasemavyo Waingereza wengi, na hastahili kudharauliwa.