Neva ya Pili ya Fuvu na Upofu wa Bugala, 1906–1907

Neva za fuvu ni jozi 12. Galeni alizihesabu kuwa 7. Hesabu ya 12 inayofundishwa leo ilitolewa na Samuel Thomas Soemmerring mwaka 1778. Kwa Kiswahili somo hili lilichelewa kusemeka bila utata, kwa kuwa neno mshipa lilibeba pamoja mkondo wa damu, ukano wa msuli na njia ya hisi, na kwa hiyo wanaistilahi wakaona heri kukopa neva. Makala haya yanahusu moja tu kati ya hizo, yaani ya pili, ambayo ni neva ya uoni, na jinsi udhaifu wake ulivyodhihirika katika Visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, wakati wa tauni ya malale.

Tauni hiyo ilitambuliwa Uganda mwaka 1901 na ndugu wawili, Albert na Jack Cook, madaktari wa hospitali ya Mengo. Mwaka 1903 David Bruce alithibitisha kwamba husababishwa na kijidudu aina ya tripanosoma, nacho huenezwa na mbung'o. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 250,000 walikufa katika miaka iliyofuata, wengi wao wakiwa wakazi wa pwani na visiwa vya ziwa. Dawa haikuwapo hadi mwaka 1905, pale Wolferstan Thomas wa Liverpool alipoonyesha kwamba atoksili, mchanganyiko wa aseniki, huwaua vijidudu hivyo katika wanyama. Jina la dawa lenyewe lilitungwa kwa Kigiriki kumaanisha kitu kisicho na sumu.

Robert Koch, aliyekuwa ametunukiwa Nobel mwaka 1905, aliondoka Ujerumani mwaka 1906 akapitia Amani na Mwanza, na mwezi Agosti akapiga kambi Bugala, kisiwa kikubwa cha Ssese. Hiyo ilikuwa himaya ya Waingereza, lakini wagonjwa walikuwa huko. Alianza kwa sindano za nusu gramu, na matokeo ya mwanzo yalitia moyo sana: waliokuwa hawawezi kusimama walitembea, na vijidudu vikatoweka katika tezi za shingo. Idadi ya waliotibiwa ikapita 1,000. Hata hivyo, dawa ilipositishwa vijidudu vilirudi. Ndipo Koch akapandisha kipimo hadi gramu nzima, na zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka. Upofu huo haukuondoka.

Kwa nini haukuondoka? Jibu limo katika maumbile ya neva yenyewe. Neva ya pili huitwa neva kwa desturi tu; kwa hakika ni sehemu ya ubongo iliyochomoza hadi nyuma ya jicho. Urefu wake ni sentimita 5 hivi, nayo ina nyuzi zipatazo milioni moja, zinazoanzia katika seli za retina. Imevikwa tando zilezile zinazoufunika ubongo, na nyuzi zake hulindwa na seli za aina ileile iliyomo ubongoni. Tofauti hiyo si ndogo. Neva ya saba, iendeshayo misuli ya uso, ikijeruhiwa huweza kuota tena na mdomo uliopinda ukanyooka; ile ya pili, kama ubongo, haioti tena. Hapa pana kinyume cha kusikitisha: atoksili haikuweza kuvifikia vya kutosha vijidudu vilivyokwisha kuingia ubongoni, lakini iliweza kuua tawi la ubongo liendalo jichoni.

Jambo la pili ni la dalili. Zikidhurika neva za tatu, nne au sita, ambazo huzungusha jicho, mgonjwa hupata makengeza na kila mtu huyaona. Neva ya pili haiendeshi msuli wowote wa kutazamwa; kazi yake ni kupeleka habari ya nuru tu. Tena sumu ya aseniki hupunguza uwanja wa kuona kuanzia pembeni, hivi kwamba mtu huweza bado kumtambua aliye mbele yake huku kando zikiwa zimekwisha kuingia giza. Daktari mwenye kioo cha kutazamia ndani ya jicho huona kichwa cha neva kikiwa cheupe, lakini weupe huo ni alama ya nyuzi zilizokwisha kufa. Anayejua mapema ni mgonjwa peke yake, na ni lazima aulizwe. Bugala, mwulizaji alikuwa Mjerumani na mwulizwa ni Msese. Habari ya ukungu au kiwi ilipaswa kupita kwa mkalimani katikati ya mamia ya watu wanaongoja sindano. Ni vigumu kukwepa hukumu kwamba kipimo kilipandishwa haraka kuliko uwezo wa kambi hiyo wa kusikiliza.

Koch alirejea kwenye kipimo kidogo, akaondoka mwaka 1907, na nchi yake ikajenga kambi za malale katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1909 serikali ya Uganda iliwahamisha Wasese wote kwenda bara ili kuwatenga na mbung'o. Kipofu wa Bugala aliyekuwa hai wakati huo alitakiwa aanze kujifunza njia za mahali asipopajua, bila ya macho.

Aseniki haikuachwa. Mwaka 1920 Louise Pearce wa Taasisi ya Rockefeller alikwenda Léopoldville, Kongo ya Wabelgiji, kujaribu triparsamidi, ambayo ilifika ubongoni na kuokoa watu ambao atoksili iliwashinda. Nayo pia ilishambulia neva ya pili. Kanuni ikawekwa: mgonjwa aulizwe habari ya macho yake kabla ya kila sindano, na tiba ikome akilalamika. Pamoja na hayo, Bafia, Kamerun, daktari mmoja wa kampeni ya Eugène Jamot alizidisha kipimo, na watu wapatao 700 wakapofuka. Jambo hilo lilijulikana mwaka 1930. Safari hii haiwezi kusemwa kwamba madhara hayakujulikana.

Melasoproli, iliyogunduliwa mwaka 1949, ilikuwa na aseniki pia. Ilielekea kuuepuka uoni, ila iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 kwa kuuvimbisha ubongo. Feksinidazoli, iliyojaribiwa zaidi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuidhinishwa mwaka 2018, ni vidonge vya kumeza kwa siku 10, na haina aseniki.