Ngoma Iliingia Kanisani kwa Shida: Historia Fupi ya Mdundo Tunaouimbia



Kamati ya yubile iliniagiza niandike historia ya kwaya. Majina ya wenyeviti, walimu na kanda tulizorekodi yamo kwenye kurasa za mbele, na sioni haja ya kuyarudia. Nimeona ni heri niandike kuhusu jambo ambalo limetuchelewesha kwenda nyumbani baada ya mazoezi tangu mwaka huu uanze. Je, nyimbo zetu zipigiwe ngoma na watu, au zipigiwe na programu ya kompyuta? Vijana wana hoja zao na wazee wana zao. Nilichogundua nikisoma ni kwamba wengi wetu hatujui ngoma ilifikaje pale mbele ya madhabahu, wala hiyo mashine ilitoka wapi.

Tuanze na ngoma. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, Papa Pius wa Kumi alitoa barua kuhusu muziki mtakatifu. Alitaka Kanisa lirudie uimbaji wa Kigregori, na kinanda kikubwa cha mabomba akakipa heshima yake. Piano ikakatazwa kanisani. Kisha barua ikavitaja vyombo vya kelele visivyofaa ibada, na ngoma ikawa mojawapo, pamoja na matoazi. Bendi nazo zilipigwa marufuku kabisa. Ni haki kusema kwamba Papa hakuwa akifikiria kayamba ya Wamijikenda wala ngoma za Waluhya. Tatizo lake lilikuwa muziki wa opera ulioyajaa makanisa ya Italia. Lakini sheria ikishaandikwa Roma husafiri hadi mwisho wa dunia, na misheni za huku bara zilikuwa changa sana wakati huo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua St. Austin's pale Nairobi mwaka 1899, na Wamisionari wa Konsolata wakafika nchini mwaka 1902. Kwa wamisionari wengi ngoma ilikuwa ni mambo ya jando, pombe na mizimu. Aliyebatizwa aliiacha nyumbani kwa babake.

Waanzilishi wa kwaya hii walilelewa katika Kanisa hilo. Walijua kuimba Kilatini kabla hawajajua maana yake, na ngoma waliisikia kutoka ng'ambo ya mto wakiwa wamekatazwa kwenda. Tunapowaona leo wakikunja uso kijana anapobonyeza kitufe ili mdundo utoke, tusiseme haraka kwamba wazee hawapendi mambo mapya. Wao ndio walioingiza jambo jipya kabisa, na jambo hilo ni ngoma.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1958, na ulifunguliwa na jirani zetu. Kule Kamina, Katanga, katika Kongo iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji, Padre Guido Haazen, Mfransiskani kutoka Ubelgiji, aliongoza kwaya iliyoimba Misa ya Kilatini kwa sauti na mitindo ya Waluba, ngoma zikiwa ndani. Misa hiyo inaitwa Missa Luba. Haikuanzia kwenye karatasi ya noti. Sehemu kubwa ilitokana na waimbaji wenyewe kubuni wakiimba. Wengi wenu mmeisikia bila kujua jina lake. Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya hapa Nairobi, ikiongozwa na Boniface Mganga, ilitoa rekodi yake ya Misa hiyo, nayo ikasikika mbali sana nje ya Kenya.

Mwaka huohuo wa 1958, mwezi Septemba, Roma ilitoa maagizo mengine ambayo yalinishangaza nilipoyasoma. Yalikataza katika ibada vyombo vinavyojiendesha vyenyewe, yaani gramafoni, redio, vinasa sauti na mashine za aina hiyo. Sitaki mtu asimame mkutanoni na ukurasa huu akidai kompyuta ni dhambi. Baadaye Mtaguso ulibadilisha mengi. Nataja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba swali letu ni la zamani kuliko tunavyodhani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake kuhusu Liturujia tarehe 4 Desemba 1963, siku nane kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa. Hati hiyo ilisema kwamba muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake katika ibada, na kwamba vyombo vingine zaidi ya kinanda cha mabomba vinaweza kukubaliwa vikifaa kwa matumizi matakatifu. Mwezi Machi 1967 yakafuata maagizo juu ya muziki mtakatifu yaliyoeleza kwamba katika kuchagua vyombo lazima utamaduni wa kila taifa uzingatiwe. Yakaongeza kwamba mpigaji hatakiwi tu kuwa na ufundi wa kupiga, bali anatakiwa kuielewa roho ya ibada anayoipigia. Hesabu miaka kutoka 1903 hadi 1963 uone ngoma ilisubiri mlangoni kwa muda gani.

Sasa tuvuke bahari tuangalie upande wa pili. Mwaka 1959, mwaka mmoja baada ya Missa Luba, kampuni ya Wurlitzer ya Marekani ilianza kuuza kisanduku kilichoitwa Side Man. Jina hilo ndilo Wamarekani wanalomwitia mwanamuziki anayemsindikiza kiongozi wa bendi. Ndani yake mlikuwa na mota iliyozungusha gurudumu, na kila gurudumu lilipogusa sehemu fulani, sauti ya ngoma ilitoka. Kilikusudiwa mtu anayepiga kinanda peke yake bila mwenzake wa kumpigia ngoma. Naomba msomaji aliweke hilo akilini: mashine hii ilizaliwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake.

Mwaka 1967, mwaka uleule wa maagizo ya Roma niliyoyataja, Ikutaro Kakehashi wa Japani kupitia kampuni yake ya Ace Tone alitoa mashine ndogo ya transista iliyoitwa Rhythm Ace. Unabonyeza kitufe unapata rumba, unabonyeza kingine unapata samba. Hapa lazima nitoke njiani kidogo. Rumba na samba zina mizizi kwa Waafrika waliopelekwa utumwani Kuba na Brazili. Sahani za santuri za Kuba ziliirudisha rumba Kongo, wapiga gitaa wa Kongo wakaileta Nairobi, na mwishowe ikaturudia tena ikiwa kitufe kwenye kinanda kutoka Japani. Mdundo wetu umetembea kuliko sisi.

Kakehashi alianzisha kampuni ya Roland mwaka 1972, na mwaka 1980 ikatoa mashine ya TR-808. Mwaka huohuo wa 1980 Mmarekani Roger Linn, ambaye mwenyewe ni mpiga gitaa, alitoa LM-1, na hii ndiyo iliyobadilisha mambo. Mashine za awali ziliigiza ngoma kwa umeme. Linn alirekodi ngoma halisi, zilizopigwa na mikono ya mtu, akazihifadhi ndani ya chipu. Bei yake ilikaribia dola 5,000. Aliweka pia uwezo wa kusahihisha muda: ukigonga ukiwa umechelewa kidogo, mashine inakusogeza mahali pake. Lakini papo hapo alilazimika kuweka kitu cha kuupa mdundo mnepo tena, kwa sababu ulionyooka mno haukuchezeka. Hata programu za leo zina kitufe cha kuyachezesha mapigo kidogo yaonekane yamepigwa na binadamu. Kwanza tunamwondoa mpigaji, kisha tunatafuta kitufe cha kumrudisha.

Kule Uingereza mwaka 1982 tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki lilipitisha hoja ya kutaka mashine za ngoma na vinanda vya umeme vipigwe marufuku, kwa hofu ya kazi. Marufuku hiyo haikufika mbali. Mwaka 1983 ukapatikana mfumo wa MIDI, uliowezesha kinanda cha kampuni moja kuongea na mashine ya kampuni nyingine. Mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ikatoa programu ya FruityLoops, ambayo vijana wetu wanaijua kwa jina lake la sasa, FL Studio. Kampuni hiyo ni ya Ubelgiji. Kwa hivyo nchi iliyotuletea padre wa Missa Luba ndiyo iliyotuletea pia ngoma za kwenye skrini!

Kwetu mashine haikuja kwa jina lake. Ilijificha ndani ya kinanda. Tulipochanga kwa harambee kununua kinanda cha kwanza, tulidhani tunanunua sauti ya kuwasaidia soprano wasipande na besi wasishuke. Tulipokifungua tukakuta bendi nzima imekaa upande wa kushoto, ikingoja kubonyezwa. Sitakuwa mnafiki, kinanda hicho kilitufaa. Kilituzoesha kushika mwendo, maana tulikuwa na tabia ya kuanza wimbo polepole na kuumaliza mbio. Vigango vidogo ambavyo vina waimbaji wanane na hakuna hata mmoja anayejua kupiga ngoma vimesimama kwa sababu yake. Pia haombi nauli. Wanaosema bendi ya watu ni gharama wanasema kweli, na mweka hazina ataniunga mkono.

Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo nimeyaona nikiwa nimekaa pale nyuma na daftari langu la mahudhurio.

La kwanza ni maandamano ya Neno na ya matoleo. Watoto wanaocheza hawafiki mbele kwa muda uleule kila Jumapili. Kuna siku njia ni nyembamba, kuna siku bibi mmoja anatoka kwenye benchi na kuku wake mkononi, akitembea kwa mwendo wake mwenyewe. Mpiga ngoma humwona. Hupunguza, humngoja, huongeza shangwe anapomfikia padre, na hukata mwalimu anapoinua mkono. Mdundo wa kinanda huendelea kuzunguka, nasi huishia kurudia ubeti wa pili mara nne huku mpiga kinanda akitafuta kitufe cha kumalizia. Stima ikipotea tunajua wote kinachotokea. Na kwenye mazishi kule vijijini mara nyingi hakuna stima ya kupotea.

La pili ni zito zaidi. Nyimbo zetu nyingi zina mapigo sita ambayo mkono mmoja huyahesabu mawili mawili na mwingine matatu matatu. Midundo mingi ya kinanda huja imepangwa kwa mapigo manne. Mpiga kinanda huchagua inayokaribia, na pole pole wimbo hunyoshwa uufuate. Kuna nyimbo tatu katika kitabu chetu ambazo wanakwaya wapya hawajawahi kuzisikia zikiimbwa jinsi zilivyotungwa. Vijana wananijibu kwamba programu inaweza kupangwa kwa mapigo sita. Ni kweli kabisa. Lakini anayeipanga lazima awe anaujua mdundo huo mwilini, na ataujulia wapi ikiwa hakuna anayeupiga mbele yake?

Hili si jambo la kinadharia. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa dharura. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na hakuna anayezipiga zote peke yake. Ukikosa anayepiga ile ya kati, huna isukuti. Mimi ni mwalimu, na darasani nimejifunza kwamba mtoto hajifunzi kupiga kwa kuelezwa. Anakaa karibu na anayepiga, anapewa kayamba kwanza, baadaye ngoma ndogo, na siku moja mkubwa anachelewa kufika. Kwa watoto wengi wa parokia hii mahali pekee pa kukaa hivyo ni kanisani. Tukiweka kompyuta pale, yule mtoto hana tena pa kukaa.

Kwa sasa kwaya ina wapiga ngoma wawili tu walio imara, na wote wamepita miaka 60. Kijana anayebonyeza kinanda hajawahi kupiga ngoma hata siku moja, na si kosa lake, hakuna aliyemwita.

Fedha zitakazobaki baada ya yubile kamati imependekeza zinunue kompyuta na programu ya ngoma. Pendekezo langu, ambalo nimeliandika na kulikabidhi kwa mwenyekiti, ni kwamba tununue ngoma tatu mpya na kayamba sita, tuzifunike ngozi upya zile mbili zilizopasuka, na kinanda tulichonacho kibaki kwa mazoezi ya sauti na kwa safari za kwenda vigangoni. Kijana wetu wa kompyuta awarekodi wale wazee wawili, kila mdundo na jina la wimbo wake, ili hata tukija kupanga programu siku moja tupange midundo yetu wenyewe. Wazee wamekubali kufundisha Jumamosi alasiri kabla ya mazoezi, na wamesema hawataki malipo ila chai.

Mkutano wa wanakwaya wote utakuwa Jumapili inayofuata yubile, mara tu baada ya Misa ya pili, chini ya mti karibu na nyumba ya paroko. Watoto kumi na mmoja wameshaandikisha majina yao kwangu. Mzazi anayetaka kumwandikisha wake aje na daftari na kalamu, na asimletee viatu vya ngozi, maana ngoma kubwa hushikwa katikati ya magoti na vumbi ni la kawaida.